Divai Zisizoitwa Divai: Majina ya Vileo na Yaliyomo Kikombeni, kwa Kurejelea Mukuru kwa Njenga

Utangulizi

Neno divai linapotajwa katika Kiswahili cha leo, aghalabu msikilizaji huona akilini chupa ya kioo, kizibo na kishada cha zabibu. Picha hiyo imejengwa na historia ya neno lenyewe. Divai ni neno lililotoholewa kutoka Kifaransa, na mwenziwe, mvinyo, limetokana na neno la Kireno vinho. Yote mawili yaliingia lughani pamoja na kinywaji cha wageni, na hadi leo yana harufu ya ugeni huo. Tafsiri ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inayatumia yote: divai katika arusi ya Kana, mvinyo katika waraka wa Paulo kwa Waefeso. Anayedhani kwamba maneno haya ni visawe kamili hana budi kukumbuka kwamba katika matumizi ya pwani mvinyo ulibeba pia maana ya kileo kikali.

Hata hivyo, tukiacha chupa kando na kuuliza divai hutengenezwaje, mambo hubadilika. Divai hupatikana pale ambapo kimiminika chenye sukari tayari, kama vile maji ya tunda, utomvu wa mti au asali iliyochanganywa na maji, kinapoachwa na hamira hadi sukari igeuke kuwa alkoholi. Pombe ya nafaka ina njia ndefu zaidi, kwa sababu nafaka ina wanga na wanga sharti ugeuzwe kwanza kuwa sukari, kazi inayofanywa na kimea. Kwa kigezo hiki busaa ya Waluhya si divai. Lakini mnazi wa Rabai, muratina ya Wakikuyu, kaluvu ya Wakamba na ulanzi wa Iringa ni divai kamili, ingawa hakuna mzungumzaji anayeziita hivyo na kamusi nyingi huzifunika zote kwa neno moja la pombe.

Makala haya yanakusudia kuzitambulisha baadhi ya divai hizo kwa wasomaji ambao huenda wanazijua kwa majina tu, au hata majina hawayajui. Pamoja na hayo, yanadai kwamba majina yenyewe yana sifa inayostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha: kwa kawaida jina la divai ya kienyeji humwambia mnywaji kile anachokunywa. Umuhimu wa sifa hiyo huonekana vyema zaidi mahali ilipovunjika, na mahali pamoja ilipovunjika ni Mukuru kwa Njenga.

Mtaa na msiba wake

Mukuru kwa Njenga ni mtaa wa mabanda ulioko Nairobi, karibu na Eneo la Viwanda, katika eneo bunge la Embakasi Kusini. Neno mukuru katika Kikuyu lina maana ya bonde au korongo. Wakazi wake walivutwa na vibarua vya viwandani, na mtaa ukajaa Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, Waluo, Wakisii na wengineo, waliokuja kila mmoja na lugha yake, vyakula vyake na vileo vyake. Ni mtaa ambao umezoea kubomolewa na kujengwa upya. Ubomoaji wa mwishoni mwa 2021, uliofanywa kupisha barabara, uliwaacha maelfu ya watu bila makao. Sehemu zake zina majina ya kila asili: Riara, Vietnam, Wapewape, Sisal. Mwanafunzi wa onomastiki angeweza kukaa huko mwaka mzima asimalize kazi.

Mnamo Novemba 2000, katika mtaa huu na katika jirani yake Mukuru Kaiyaba, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wengi wakapofuka baada ya kunywa kileo kilichoitwa kumi kumi. Kilikuwa kimetiwa methanoli. Methanoli ni kemikali ya viwandani ambayo kwa sura, kwa harufu na kwa ladha inakaribiana sana na alkoholi ya kawaida, lakini mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu neva za macho na hatimaye kuua. Dalili huchelewa kwa saa nyingi. Mtu hunywa jioni, akalala, akaamka haoni. Ni muhimu kusisitiza kwamba uchachushaji wa asali au wa utomvu wa mnazi hauzalishi methanoli kwa kiwango cha kudhuru namna hiyo. Iliyoua Mukuru ilitiwa na mkono wa mtu.

Sasa na tulitazame jina. Kumi kumi kilipata jina lake kutokana na bei, shilingi 10 kwa gilasi. Jina halikusema kama ni cha asali, cha miwa, cha mahindi au cha pipa la kiwandani. Lilimwambia mnunuzi jambo moja tu, nalo ni kiasi gani atoe mfukoni. Jina lingine la mitaani la vileo vya aina hii, machozi ya simba, ni sitiari inayotaja ukali na kunyamaza kuhusu asili. Mtu anayependa fasihi ataona uzuri wa sitiari hiyo, na ni haki yake, ila uzuri huo haumsaidii anayeshika gilasi.

Kiswahili cha pwani kilikwisha kuwaza juu ya uchakachuaji wa kileo zamani sana. Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kuifundisha methali hii kwa maana ya nje, yaani mtu akisifiwa mno huharibu kazi, tukasahau kwamba msingi wake ni malalamiko ya mnunuzi. Katika ulimwengu wa methali hiyo, uovu mkubwa ambao mgema angeweza kuufanya ulikuwa kuongeza maji. Mnywaji alipunjwa, akanuna, akarudi nyumbani akiwa na macho yake mawili. Umbali uliopo kati ya maji ya mgema na methanoli ya mwaka 2000 ni umbali kati ya biashara ya watu wanaojuana na biashara ya watu wasiojuana.

Mnazi, au tembo

Na tuanze na divai iliyo karibu zaidi na Kiswahili. Tembo ndilo jina lake la kale, na mnazi ndilo linalotawala sasa nchini Kenya. Walimu wa sarufi wanaupenda mfano huu kwa sababu upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha homonimu: tembo amevunja mti, lakini tembo limechacha. Methali iliyotajwa hapo juu inathibitisha jambo hilo kwa kiambishi -li- katika hulitia. Jina mnazi nalo limehamisha maana kutoka mti hadi kinywaji bila kubadilisha ngeli. Mnazi umeanguka na mnazi umechacha ni sentensi mbili zenye sarufi moja. Kinywaji kimepewa jina la mama yake waziwazi.

Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni, na wengine hukwea mara tatu kwa siku. Hukwea kwa kukanyaga vidato, yaani hatua zilizochongwa kwenye shina, na hapa msomaji aliyepitia kidato cha kwanza hadi cha nne anaweza kutabasamu, kwani shule ililiazima neno hilo kutoka kwa wakweaji. Juu ya mti hulifunga karara changa kabla ua halijafunguka, akalikata ncha, kisha kila anaporudi akalichonga kidogo ili utomvu uendelee kudondoka katika kibuyu. Utomvu unapotoka ni mtamu na mweupe kama maji ya mchele. Hamira iliyomo hewani na katika kibuyu huanza kazi papo hapo, hata ifikapo adhuhuri tembo tamu limeanza kuwa tembo kali. Likikaa siku moja au mbili linaelekea kuwa siki, na siki ya mnazi ina nafasi yake jikoni.

Kwa hiyo mnazi ni divai isiyongoja. Haina mwaka wa mavuno wa kuandikwa kwenye chupa, na safari ya kilomita zaidi ya 480 kutoka Mombasa hadi Nairobi si rafiki yake. Mtu wa Mukuru anayetaka kuujua mnazi kwa ladha yake ya kweli afadhali asafiri yeye: aende Rabai au Kaloleni, aunywe asubuhi, chini ya mti ulikogemwa. Ladha yake ya mapema ina utamu wa dafu na ukakasi mdogo wa chachu, na povu jembamba huchoma ulimi kidogo.

Wamijikenda huuita uchi, jambo ambalo huwafanya wanafunzi wa bara wacheke darasani kwa sababu ya maana nyingine ya neno hilo katika Kiswahili sanifu. Kicheko kikiisha, inafaa wasome kitabu cha David Parkin cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama, ambamo minazi na kileo chake vinaonekana kuwa kiini cha umiliki wa ardhi, mahari na ushahidi wa mikataba. Minazi iliuzwa na kurithiwa, na kileo kilinywewa mbele ya mashahidi ili neno lililosemwa lisikanwe. Katika nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo pia, mnazi na kinywaji chake vinatajwa. Uislamu wa pwani ulikataza kileo, lakini haukulifuta neno, wala haukumfuta mgema katika hazina ya methali.

Muratina na kaluvu

Divai ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na wakazi wengi wa Mukuru, kwa kuwa makwao ni nyanda za juu na Ukambani. Muratina ni divai ya asali au ya maji ya miwa. Jina lake limetokana na mti ambao Wakikuyu huuita muratina na Wakamba muatini. R ya Kikuyu imedondoka katika Kikamba kama ilivyo katika maneno mengine mengi. Kiswahili kina jina la mti huohuo, mwegea, na sehemu nyingine huitwa mvungunya. Wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana, na hata jina hilo la kisayansi lilichukuliwa kutoka lugha ya Kibantu ya Msumbiji, hivyo Mbantu halazimiki kulionea haya.

Tunda la mwegea huning'inia kwa kikonyo kirefu mfano wa soseji kubwa, na linaweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa. Likiwa bichi haliliwi, maana lina sumu. Kazi yake katika divai ni nyingine kabisa. Hupasuliwa, likakaushwa juani, nyuzinyuzi zake zikatumika kuhifadhi hamira. Kipande kilichokwisha tumika hutolewa mtunguni, kikakaushwa tena na kuwekwa kwa ajili ya mtungi unaofuata. Kwa maneno mengine, familia iliyotunza vipande vyake vizuri ilirithishana hamira kama vile wengine wanavyorithishana mbegu. Asali huchanganywa na maji ya vuguvugu, vipande vikatiwa, na mtungi ukawekwa karibu na moto ili joto lisishuke. Baada ya siku chache kinywaji huwa tayari: rangi ya kahawia, utamu ulionyamaza, uchungu mdogo mwishoni unaotokana na tunda, na harufu ya asali ambayo haiondoki.

Kinywaji hiki kilikuwa na adabu zake. Kilikuwa cha wazee, na vijana hawakukinywa wapendavyo. Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya (1938) anaonyesha jinsi kileo cha miwa kilivyokuwa sehemu ya hatua za posa na ndoa. Mpaka leo ruracio nyingi hazikamiliki bila muratina, hata pale ambapo wazee wenyewe wameokoka na hukionja kwa ncha ya ulimi tu.

Kaluvu ya Wakamba ni ndugu yake wa karibu, na mitaani Nairobi jina hilo husikika kama karubu. Mwanafunzi wa isimu historia atatambua mara moja kwamba l ya Kikamba imelingana na r ya Kikuyu, na v imelingana na b. Hapa mtaa unafanya kazi ya maabara. Jambo jingine la kuangaliwa ni ngeli. Kiambishi mu- kingetarajiwa kuivuta muratina katika ngeli ya U-I pamoja na mti wake, lakini wasemaji wa Nairobi husema muratina imeiva, wakaipeleka katika ngeli ya I-ZI wanakowekwa wageni wengi. Neno linachukuliwa kama mgeni mjini, ilhali limetoka kilomita chache tu kutoka hapo.

Jirani wa mbali wa muratina ni tej ya Waethiopia, divai ya asali inayotiwa majani ya gesho ili kupata uchungu. Wazo ni lilelile, ila mti ni mwingine.

Ulanzi na nyinginezo

Ulanzi ni divai ya mwanzi, na asili hiyo inasikika ndani ya jina lake. Hutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hasa Iringa na Njombe. Wakati wa mvua, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha na kuchubuliwa asubuhi na jioni, na utomvu wake hukingwa kwa kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta. Mmea mmoja unatoa kinywaji na chombo chake. Ulanzi mbichi ni mtamu, na ukikaa hupata ukali unaokaribiana na wa mnazi. Nje ya eneo lake haujulikani sana; Mkenya anaweza kumaliza shahada mbili za Kiswahili bila kukutana na neno hilo, na hilo ni pengo la mitalaa yetu kuliko la mwanafunzi.

Kilimanjaro kuna dengelua, inayotokana na miwa. Mbege ya Wachaga, pamoja na umaarufu wake, inasimama mpakani: ina ndizi, ambazo zingeiweka upande wa divai, na ina kimea cha ulezi, kinachoivuta upande wa pombe ya nafaka.

Zabibu nazo zina historia yake Afrika Mashariki. Dodoma ilipata mizabibu kupitia wamisionari wa Kikatoliki, na kutokana na hali ya hewa ya tropiki wakulima wake huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Aina nyekundu inayojulikana zaidi inaitwa Makutupora, jina la mahali hapohapo. Ni divai nzito, yenye jua jingi ndani yake, na inastahili kujulikana zaidi upande huu wa mpaka. Kenya ina Leleshwa, inayotokana na mizabibu ya Naivasha. Leleshwa kwa Kimaasai ni kichaka chenye majani yanayonukia, ambacho hakimo chupani. Jina ni zuri na la kwetu, lakini linafanya kazi ya kupamba. Kampuni ya Kenya Wine Agencies, iliyoanzishwa mwaka 1969 na kukaa kwa miaka mingi katika Eneo la Viwanda, hatua chache kutoka Mukuru, iliwahi kutengeneza divai ya mapapai. Hiyo angalau iliitwa kwa jina la tunda lake.

Sheria na msamiati

Sheria za Kenya zimeshughulikia vileo hivi kwa kupiga marufuku na kwa kuruhusu. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Wazo lilikuwa kwamba kinachofichwa ndicho kinachotiwa sumu. Hata hivyo, mwaka 2014 makumi ya watu walikufa tena katika kaunti kadhaa kwa vileo vyenye methanoli. Leseni ilikuwapo kwenye vitabu, gilasi ya bei rahisi ikawapo kwenye meza.

Katika mazungumzo ya umma yanayofuata misiba ya namna hii, magazeti na viongozi hutumia fungu moja la maneno: pombe haramu. Chini ya fungu hilo huwekwa chang'aa, busaa, muratina, mnazi na kemikali za viwandani, kana kwamba ni kitu kimoja. Msako unapofanywa, mtungi wa asali humwagwa pamoja na pipa la sumu. Kosa hili ni la kiutawala, lakini lina mzizi wa kileksia: lugha inayotumiwa ofisini haina, au haitumii, maneno ya kutenganisha kilichochachushwa, kilichotoneshwa na kilichochanganywa. Maneno hayo yapo. Kugema, kuchachua, kutonesha na kughushi ni vitenzi vya Kiswahili cha kawaida, na mkaguzi anayevijua anaweza kuandika ripoti inayoeleweka.

Kamusi nazo zina sehemu yake. Kidahizo cha muratina kikiandikwa kwa maelezo ya aina fulani ya pombe, msomaji hapati kitu. Kikieleza kwamba ni kileo cha asali au maji ya miwa kilichochachushwa kwa vipande vikavu vya tunda la mwegea, msomaji amepata kipimo cha kulinganisha na kile anachouziwa. Kwa mzee wa Mukuru kipimo hicho hakihitaji kamusi. Yeye huinama juu ya mtungi na kuangalia kama vipande vya mwegea vinaelea humo. Vipande hivyo haviwezi kumthibitishia kwamba hakuna kingine kilichoongezwa, kwa kuwa methanoli haionekani, lakini asipoviona anajua kwamba kilichomo ndani si muratina, hata kama muuzaji anakiita hivyo.